Mvua ya Mawe na Sanduku la Kura



Wako watu wasemao kwamba mvua ni kazi ya Mungu na kura ni kazi ya wanadamu, wala mambo haya mawili hayakutani. Sisi twasema hukutana, tena hukutana vibaya.

Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua ya mawe yenye upepo mkali iliipiga Mwakata, kule Kahama. Watu zaidi ya 40 walikufa. Wengi waliangukiwa na kuta za nyumba zao za udongo, wamelala na watoto wao. Tarehe 25 Oktoba mwaka ule ule ukawa uchaguzi mkuu. Je, mgombea aliyeleta unga Machi aliulizwa Oktoba juu ya kuta? Unga huliwa ukaisha, ukuta wa udongo ungaliko. Na hapa kwetu mwenye duka analala chini ya bati lililopigiliwa barabara, lakini mchimbaji mdogo analala chini ya turubai kando ya duara. Wote wawili wana kura moja moja.

Tazameni Pakistani ya Mashariki. Tarehe 12 Novemba 1970 kimbunga kiliua watu wanaokadiriwa kuwa laki tatu au zaidi. Watawala waliokaa upande wa magharibi wakalaumiwa kwa kuchelewesha msaada. Uchaguzi ulipofika Desemba, Awami League ya Sheikh Mujibur Rahman ilipata viti 160 kati ya 162 vya upande ule. Wilaya zilizoumizwa zilipiga kura Januari. Hatusemi kimbunga peke yake ndicho kilichofanya hayo, maana dhuluma ilikuwa ya siku nyingi. Lakini wafiwa hawakukaa kimya, na mwaka 1971 ikazaliwa Bangladesh.

Jirani zetu Wakenya walipiga kura tarehe 29 Desemba 1997 katika mvua za El Nino. Njia zikakatika, vifaa vikachelewa, ikabidi kura ziendelee siku ya pili. Huko New Jersey, Marekani, mwaka 2012, kimbunga Sandy kilipiga wiki moja tu kabla ya kura. Waliohama makwao wakaruhusiwa kupigia kituo kingine.

Kwetu mtu kwa kawaida hupiga kura pale alipoandikishwa, na siku hizi uchaguzi mkuu huangukia Oktoba, mvua zinapoanza na mkulima ameshika jembe. Mto ukijaa, mama wa kijijini atavukaje?

Mwaka 2025 Katoro ilipewa jimbo lake, lililokatwa kutoka Busanda. Basi mbunge anaye wa kuulizwa. Twaomba iandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu: vituo vingapi vya kura viko chini ya miti, na ni madarasa mangapi yenye bati lililolegea. Nakala apelekewe diwani kabla ya mvua.