Nchi Jirani: Krismasi ya Siku Moja, Deni la Miaka Mitano

Msimu wa sikukuu umewadia. Katika vituo vya mabasi watu wamejaa na mizigo yao, wengine wakielekea Moshi, wengine Bukoba, wengine Mbeya. Makambini na katika kota za polisi wapo waliopata likizo na wanaofunga mabegi, na wapo watakaobaki lindoni ili wenzao wasafiri kwa amani. Hawa na hao wana jambo moja linalowafanana: wametumiwa ujumbe kutoka nyumbani. Mama anauliza kama mwaka huu mbuzi atapatikana. Watoto wanauliza nguo mpya. Shemeji anakumbusha ahadi ya mwaka jana.

Na wengi wao wana jambo la pili linalowafanana, ambalo halitajwi katika salamu za Krismasi. Kila mwezi, kabla mshahara haujafika mikononi, sehemu yake imekwisha kukatwa. Ni mkopo wa nyumba, au wa kiwanja, au wa pikipiki, au wa ugonjwa wa mzazi. Mkopo huo ulichukuliwa kwa miaka mitano au sita, na bado haujesha.

Leo tunakusudia kuzungumza juu ya mambo haya mawili yanapokutana, na tutawatazama kwanza jirani zetu. Mshahara wa askari wa Nairobi, wa Lusaka, wa Kampala na wa Kigali hukatwa kama unavyokatwa wa askari wa Dar es Salaam, na Januari yao ni ndefu kama yetu.

Tuanze na Kenya. Wakenya, kwa ucheshi wao, wameupa mwezi wa kwanza jina la Njaanuari. Jina hilo linachekesha, lakini asili yake ni hesabu. Mshahara wa Disemba aghalabu hutolewa mapema ili watu waifikie sikukuu wakiwa na fedha. Mtu hupokea mshahara wake, akajiona tajiri, akasahau kwamba hakuongezewa hata senti moja. Alichopewa ni kilekile, ila amepewa mapema. Mathalani, mtu akilipwa tarehe 20 Disemba, na mshahara unaofuata ukatoka tarehe 28 Januari, atakuwa na siku 39 za kula kwa fedha za mwezi mmoja. Siku tano za mwanzo ni za kujiandaa na kusherehekea. Siku 34 zilizobaki ni za nani?

Kenya ina sheria ya kazi ya mwaka 2007. Kifungu chake cha 19 kinasema kwamba makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara wa mfanyakazi. Maana yake ni kwamba theluthi moja lazima imfikie mwenyewe, hata awe na madeni ya namna gani. Ni sheria yenye busara. Lakini askari anayesikiliza asikimbilie kushangilia. Sheria hiyohiyo, katika kifungu chake cha 3, inasema kwamba haiyahusu majeshi, polisi wala magereza. Vyombo hivyo huongozwa na kanuni zake. Yaani mtu wa sare hawezi kutegemea kwamba kinga ya raia itamfunika. Hapana budi awe na kinga yake mwenyewe moyoni mwake.

Nchini humohumo, mwezi Novemba mwaka 2012, ulianzishwa mkopo wa simu uitwao M-Shwari. Ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa mtu aliyezoea kusumbuliwa benki, lilikuwa jambo jepesi mno: unabonyeza simu, fedha inaingia. Lakini tufanye hesabu. Anayekopa shilingi 10,000 kwa namna hiyo hulipa ada ya shilingi 750 kwa mwezi mmoja. Akilipa, kisha akakopa tena kiasi kilekile kila mwezi kwa miezi kumi na miwili, ada peke yake itakuwa shilingi 9,000. Kinyume chake, vyama vingi vya akiba na mikopo nchini Kenya vimekuwa vikitoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Mtu akikopa shilingi 10,000 zilezile na kurejesha kidogokidogo kwa mwaka mmoja, riba yake haifiki 700. Nani basi aliyekopeshwa kwa urahisi? Ni yule aliyebonyeza simu, au ni yule aliyejaza fomu na kutafuta wadhamini?

Tuvuke mpaka wa kusini tuingie Zambia. Huko mkopo wa mtaani wenye riba kubwa huitwa kaloba. Hapa kwetu wananchi wameuita kausha damu. Majina ni mawili, kupe ni mmoja. Mkopeshaji wa namna hii hahitaji dhamana ya nyumba. Anahitaji kadi ya benki ya mkopaji na namba yake ya siri. Siku ya mshahara, yeye ndiye anayefika kwanza kwenye mashine, na mwenye mshahara husubiri abakiziwe.

Mzigo wa madeni ya watumishi wa umma wa Zambia ulikuwa mkubwa hata mwaka 2021 serikali ya wakati huo ikatangaza mpango wa kuyachukua madeni hayo kutoka kwa wakopeshaji, ili mshahara wa mtumishi upumue. Wengi walifurahi. Agosti mwaka huohuo ukafanyika uchaguzi, serikali ikabadilika, na mpango huo ukasitishwa. Hatusemi haya ili kulaumu serikali hii wala ile. Nchi yenyewe ilikuwa na deni lake: Novemba 2020 ilikuwa imeshindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 kwa wenye hati za mkopo wa nje, na mazungumzo na wenye hati hizo yaliendelea hadi mwaka 2024. Funzo letu ni jingine. Aliyepanga Krismasi yake kwa tumaini kwamba deni lake litabebwa na mwingine, aliamka Januari akalikuta mlangoni likimsubiri. Wahenga walikwisha kusema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa yake ni kungoja.

Lakini, ndugu wasikilizaji, jirani zetu wana ya kuigwa pia. Nchini Rwanda, mwaka 1997, wanajeshi walianzisha chama chao cha akiba na mikopo kiitwacho Zigama, ambacho leo huwahudumia pia polisi na magereza. Uganda, jeshi lina chama chake cha Wazalendo, na polisi wana Exodus. Polisi wa Kenya wana chama chao tangu mwaka 1972. Hapa nyumbani polisi wana URA. Msingi wa vyama hivi ni mmoja: askari huweka akiba kila mwezi, na fedha ya askari humkopesha askari. Riba anayolipa hurudi katika chama ambacho yeye ni mmoja wa wenyewe.

Hata hivyo tusidanganyane. Mkopo wa chama ni mkopo. Tena una jambo ambalo mkopo wa benki aghalabu hauna: wadhamini. Mdhamini wako ni koplo mnayelala naye bweni moja, ni sajini mnayegawana lindo. Ukishindwa kulipa, akiba yake ndiyo itakayoguswa. Watoto wake ndio watakaokosa sare. Mtu anayekwenda vitani au doria ya usiku humtegemea mwenzake kwa uhai wake. Atamtegemeaje mwenzake aliyemwachia deni?

Sasa tuje kwenye mtego ulio mkubwa kuliko yote, na ambao hufunguliwa kila mwaka kati ya Novemba na Disemba. Ni ule wa kuongeza mkopo juu ya mkopo. Tuchukue mfano wa askari mmoja. Alikopa kwa miezi 60, na makato yake ni shilingi 280,000 kila mwezi. Amekwisha kulipa miezi 36, imebaki 24. Anaambiwa hivi: "Tutakupa mkopo mpya. Wa zamani tutaufuta. Makato yako hayataongezeka hata shilingi moja, na utaondoka na fedha taslimu mkononi." Maneno hayo ni matamu, na kila neno ni la kweli. Lakini kuna neno moja ambalo halikusemwa. Miezi yake 24 imerudi kuwa 60.

Je, amepata nini, na ametoa nini? Kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka kwa salio linalopungua, askari huyo atapata mkononi takriban shilingi 5,800,000, kabla ya ada na bima. Alichotoa ni miezi 36 ya ziada, kila mwezi shilingi 280,000, ambayo jumla yake ni shilingi 10,080,000. Lau angejenga kwa fedha hiyo, au angenunua shamba, pengine tungemwelewa. Lakini aghalabu alitaka shilingi laki chache tu za sikukuu, akachukua mamilioni kwa kuwa yalikuwepo, na ilipofika Pasaka hakuweza kueleza yalikokwenda. Mbuzi aliliwa siku moja. Makato yataendelea miaka mitano. Huku ndiko kukopa harusi na kulipa matanga.

Ndugu zetu Wakenya wameyaona haya hata katika ngazi ya taifa. Mwaka 2014 nchi yao ilikopa katika masoko ya nje dola bilioni 2 zilizotakiwa kulipwa kwa mkupuo Juni 2024, kwa riba ya asilimia 6.875. Siku ilipokaribia, Februari 2024, ilibidi wakope tena dola bilioni 1.5, safari hii kwa riba ya asilimia 9.75, ili kununua sehemu kubwa ya deni la zamani. Nchi ilikuwa na sababu zake, kwani deni lilikuwa limeiva na kutolipa kungekuwa aibu na hasara kubwa zaidi. Lakini askari ambaye deni lake halijaiva, na ambaye makato yake yanakwenda sawasawa, ana sababu gani ya kulianza upya?

Basi afanyeje mwenye deni la muda mrefu sikukuu inapofika? Asisherehekee? Hapana. Mkono mtupu haulambwi, na mzazi aliyekusomesha anastahili kukuona ukirudi na kitu. Lakini na aianze hesabu yake kutoka Januari, sio kutoka Krismasi. Achukue kile kinachobaki baada ya makato. Atoe kwanza sare, madaftari na nauli za watoto, na ada kama mwanawe yuko shule ya binafsi. Atoe chakula cha siku zote hadi mshahara ujao, na nauli ya kurudi kituoni. Kinachobaki ndicho Krismasi yake. Kikiwa kikubwa, amshukuru Mungu. Kikiwa kidogo, mbuzi mmoja achangiwe na ndugu watatu. Nyama ya mbuzi wa kuchangia haina ladha tofauti. Utaratibu huu unamfaa vilevile ndugu yetu Mwislamu Idi inapofika.

La pili, aseme kweli mapema. Mke na mume wakae waitazame hati ya mshahara pamoja, mstari kwa mstari. Mama kijijini apigiwe simu kabla ya safari, aambiwe: "Mama, mwaka huu nitaleta kilo tano za mchele na mafuta. Nyumba ninayojenga bado inanikata." Mzazi hafi kwa kuambiwa ukweli. Anayeumia ni mzazi anayefurahishwa Disemba, kisha Februari akaombwa auze ng'ombe ili kumwokoa mwanawe.

La tatu, kama makato yameshinda nguvu, aende kwa mdai wake kabla hajaanguka, na amweleze mkuu wake wa kazi. Anayezungumza akiwa bado amesimama husikilizwa. La nne, kadi ya benki isitoke mkononi mwake kwa sababu yoyote ile. Askari hawezi kumkabidhi mtu mwingine silaha yake. Mshahara wake nao usikabidhiwe.

Ndugu wasikilizaji, jambo hili si la nyumbani peke yake. Adui hatafuti daima askari mwoga. Hutafuta askari mwenye shida. Mfanya magendo mpakani haulizi kama unapiga shabaha vizuri. Anauliza kama mtoto wako amerudishwa shule, na kama mwenye kausha damu amekwisha kukupigia simu leo asubuhi. Polisi ambaye hana nauli ya kurudi kituoni, ataikataaje noti iliyokunjwa ndani ya leseni ya dereva? Wapo wengi wanaoikataa, na tunawaheshimu. Lakini ni dhuluma kujiweka mwenyewe katika jaribu hilo kwa ajili ya karamu ya siku moja.

Taifa limemkabidhi askari mipaka yake na usingizi wa watu wake. Anayelinda mali ya wengine anastahili kuwa bwana wa mshahara wake mwenyewe. Miezi 24 iliyobaki itakwisha, kama ilivyokwisha ile 36. Siku ya mwisho itakapofika, hati ya mshahara itatoka bila mstari ule, na nyumba itakuwa yake. Hiyo nayo ni sikukuu, na haitadaiwa na mtu.

Tunawatakia wote, walio likizo na walio lindoni, Krismasi njema, na Januari iliyo njema zaidi.