Nakala Isilale Nyumba Moja
Wewe wa Ewuaso Kedong unayeweka rekodi za madrasa kwenye kompyuta moja, hili lakuhusu. Mfumo wa ZFS, uliotolewa na Sun Microsystems mwaka 2005, hupiga picha ya faili zote kwa muda mfupi mno. Lakini picha hiyo imo diski ileile. Diski ikifa, nayo imekwenda! Itume kwenye seva nyingine, tuseme Kitengela. Mara ya kwanza huenda yote, baadaye mabadiliko tu, nafuu kwa bando zetu. Ila picha ya mwisho iliyoko pande zote mbili usiifute. Mimi niliifuta nikitafuta nafasi, nikaanza kutuma upya toka mwanzo. Tena kompyuta yako isiwe na ruhusa ya kufuta kule: akiingia mwizi wa mitandao, atafuta kote. Halafu rudisha faili moja kutoka Kitengela, uifungue, uione kwa macho yako.