Nimonia na Mgonjwa wa Kisukari

Mwaka 2009 Rwanda ilikuwa ya kwanza miongoni mwa nchi maskini duniani kuanza kuwachanja watoto wake wote dhidi ya mmojawapo wa bakteria wakuu wa nimonia. Kenya ilifuata mwaka 2011, Tanzania na Uganda mwaka 2013. Hatua hiyo inastahili sifa. Lakini nimonia haichagui umri, na miongoni mwa watu wazima humwandama kwa ukali zaidi mgonjwa wa kisukari.

Ukali huo umepimwa hata katika nchi tajiri. Huko Denmark watafiti waliwachunguza watu wazima karibu 30,000 waliolazwa kwa nimonia kati ya mwaka 1997 na 2004. Katika kila wagonjwa 100 wenye kisukari cha ukubwani, 20 hivi walifariki dunia katika muda wa siku 30. Kwa wasio na kisukari, waliofariki walikuwa 15. Ikiwa hali ni hiyo palipo na hospitali na dawa za kutosha, ni dhahiri kwamba nchi za Afrika ya Mashariki hazina budi kujihadhari.

Sukari inapozidi katika damu, chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili, hulegea. Maambukizi nayo huipandisha sukari hiyo zaidi. Maradhi haya mawili ni kama wezi wawili, mmoja akimfungulia mwenzake mlango. Hatari huongezeka pale mgonjwa asiyeweza kula anapoiacha sindano yake ya insulini bila ushauri wa daktari. Sukari hupanda, asidi hujaa katika damu, na mgonjwa huweza kuzirai.

Wapo pia wasiojijua. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa watu wazima milioni 24 katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara wana kisukari, na zaidi ya nusu yao hawajapimwa. Wengine hugundua siku wanapolazwa kwa maradhi mengine.

Kwa hiyo, kila mtu mzima anayefika zahanati akiwa na homa, kikohozi na kichomi hana budi kupimwa sukari. Kipimo hicho huhitaji tone moja tu la damu, na jibu hupatikana papo hapo. Serikali zilizoweza kumfikishia mtoto chanjo kijijini hazipaswi kushindwa kumfikishia babu yake kipimo hicho.