Lugha Mbili za Kompyuta

Fungueni madaftari.

Mtu anayejaribu ulinzi wa kompyuta aiamuru kwa lugha gani? Tulinganishe mbili: C na Python. Fikirini daftari la karani wa pamba. Kila mkulima amepewa mistari kumi. Karani akiandika wa kumi na moja, huharibu hesabu ya jirani. C, iliyoanza miaka ya 1970, haimzuii. Kosa la namna hiyo ni mojawapo ya njia zilizotumiwa na programu ya Morris kupenya kompyuta nyingi mwaka 1988. Python, iliyotolewa mwaka 1991, huhesabu mistari, ikizidi hukataa.

Basi, kutunga jaribio upesi, tumieni Python. Kuchunguza kosa lenyewe, C. Lakini jaribuni kompyuta zenu tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika kompyuta ya mwingine bila ruhusa.

Kwaherini.