Gari Kuukuu na Daftari la Babu Dereva

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Mtoni, Dar es Salaam)



Katibu wetu aliponiandikia barua kunitaka nizungumze leo, nilidhani atanipa somo la utumishi wa umma, kwa kuwa ndiyo kazi inayonipa mkate. Kumbe sivyo. Alisema chama chetu kimekusudia kuinunulia shule gari lililotumika, lenye uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne, ili mwanafunzi akiugua usiku wakati wa masika afikishwe hospitali. Akaongeza kwamba amesikia yaliyonipata mimi na gari langu, na kwamba yafaa niyaseme hadharani kabla fedha za wanachama hazijatoka benki. Nami nimekubali, ingawa si jambo jepesi mtu mzima kusimama na kuhadithia ujinga wake mbele ya watu waliomjua tangu akivaa kaptula.

Ninyi mliosoma zamani mnamkumbuka dereva wa lori la shule, yule tuliyemwita Babu Dereva. Lori lile lilikuwa kuukuu hata kabla sisi hatujafika kidato cha kwanza. Lakini sikumbuki hata siku moja lilipotuacha njiani. Ndani yake, nyuma ya kiti, kulikuwa na daftari la kurasa 48 limefungwa kwa uzi wa katani, na humo aliandika kila kitu: tarehe, kilomita, oili iliyomwagwa, maji yaliyoongezwa, boliti iliyokazwa. Sisi vijana tulimcheka. Tulisema mzee huyu hakusoma, lakini anaandika kuliko sisi tunaosoma. Leo naomba radhi kwa kicheko kile.

Mwaka 2019 nilichukua mkopo katika chama chetu cha akiba kazini nikanunua gari la Kijapani la dizeli, injini ya lita tatu, lililotengenezwa mwaka 1998. Sitataja jina la kampuni iliyolitengeneza, kwani kosa halikuwa lake. Nilinunua mkononi mwa mtu, hapa hapa Temeke. Saa ya kilomita ilisoma 92,000. Mimi, mtu mwenye digrii, niliamini. Sikutazama kwamba raba ya pedeli ya breki ilikuwa imelika mpaka chuma, na kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea kama godoro la bweni. Gari la kilomita 92,000 halina pedeli ya namna ile. Saa hurudishwa nyuma, ndugu zangu, lakini raba hairudishwi.

Yako mengine ambayo mnunuzi aweza kuyasoma mwenyewe bila kuwa fundi. Tairi lina tarehe yake. Ubavuni mwake, baada ya herufi DOT, mwishoni kuna tarakimu nne ndani ya duara dogo. Zikisomeka 2315, maana yake tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2015. Tairi laweza kuwa na meno mazuri na huku mpira wake umekauka kwa uzee. Kadhalika fungua kifuniko cha oili na kifuniko cha rejeta injini ikiwa imepoa. Ukiona utelezi wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, au mafuta yanaelea juu ya maji ya rejeta, shukuru, aga, uende zako. Na kwa wale watakaoagiza gari moja kwa moja kutoka Japani, wakumbuke kwamba gari lililozidi miaka minane tangu kutengenezwa hutozwa ushuru wa ziada. Basi bei iliyoandikwa kwenye picha siyo bei ya gari likiwa limesimama bandarini.

Sasa nije kwenye ujinga wenyewe. Nilipolipata gari, zilibaki fedha kidogo. Fundi mmoja mwangalifu aliniambia, "Mzee, safisha rejeta, badilisha mipira ya maji, pampu ya maji na mkanda wa taimingi, ndipo utembee." Nikamwona anatafuta kula. Fedha zile nikazipeleka kwenye mapambo. Nilinunua bampa kubwa la chuma, nikafungisha mbele yake taa nne kubwa mfano wa sahani, nikaweka keria juu ya paa, na nikavalisha matairi mapana yaliyozidi yale ya asili kwa inchi mbili za kimo. Nilipopita Mtoni kwa Aziz Ali vijana waligeuka kutazama. Nami nilijiona mkuu wa wilaya wa enzi za Land Rover.

Ndugu Mwenyekiti, hebu tuyapime mapambo yale kwa elimu ya fizikia tuliyofundishwa katika maabara ya shule yetu. Rejeta hupoa kwa upepo unaopita mbele ya gari. Mimi niliupangia upepo huo bampa na taa nne zimsimamie njiani. Tairi likiongezwa kimo, mzigo wa injini huongezeka, kwa kuwa ni sawa na kupanda baiskeli kwa gia nzito. Na injini inayofanya kazi zaidi hutoa joto zaidi. Tena saa ya mwendo hudanganya: ukibadilisha tairi la inchi 29 kwa la inchi 31, saa ikisema 80 mwendo wenyewe ni zaidi ya 85. Keria nayo ilikuwa inapakiwa mizigo. Basi nililiongezea gari langu joto kwa njia mbili, na nikalipunguzia upepo kwa njia moja, huku rejeta yenyewe ikiwa imeziba kwa kutu ya miaka mingi. Mwanafunzi wa kidato cha pili angeona mwisho wake.

Mwisho huo ulikuja siku tuliyopata simu kwamba mjomba wangu, aliyenilipia karo ya miaka miwili hapa shuleni, amefariki huko Nangurukuru. Maziko yalikuwa baada ya sala ya alasiri. Tulitoka Mtoni asubuhi, watu saba na mizigo juu. Tulipita Mbagala, Mkuranga na Kibiti salama. Kabla ya Ikwiriri niliona mshale wa joto umepanda. Nikasema moyoni, tukifika daraja la Mkapa nitasimama pale penye upepo wa Rufiji. Hatukufika darajani. Gari lilipoteza nguvu, moshi mweupe ukatoka nyuma, na maji yakafoka mbele. Silinda hedi ilikuwa imepasuka.

Hedi ya injini nyingi za siku hizi ni ya alumini, na imekaa juu ya bloku la chuma. Alumini hutanuka kwa joto kuliko chuma. Joto likizidi, hedi hupinda au kupasuka, na dakika chache za ubishi wa dereva zinatosha. Ningesimama mara mshale ulipopanda, nikazima injini, nikangoja ipoe bila kufungua kifuniko, pengine ningepona. Sikusimama. Tulipofika Nangurukuru kwa gari la msaada ilikuwa usiku. Mjomba alikuwa amekwisha zikwa. Shangazi hakunilaumu, alinipa maji ya kunywa tu. Lawama ningeivumilia kuliko maji yale.

Matengenezo yake yalinila mishahara ya miezi miwili na zaidi. Na hapo ndipo nilipokutana na jaribio la pili, ambalo lawahusu watumishi wenzangu walioketi hapa. Mtu mmoja aliniambia kwamba lipo gari la Serikali limelala uani mahali fulani, injini yake ni kama ya langu, na kwamba usiku mmoja ungetosha. Sikusema neno la ushujaa. Nilinyamaza kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, ndipo nikakataa. Nalitaja jambo hili kwa sababu gari lisilotunzwa humfikisha mwenye gari mahali pa kuuzwa heshima yake kwa bei ya spea. Anayetunza mapema hanunui kwa haraka, na asiyenunua kwa haraka ni vigumu kumshawishi.

Tangu hapo nilitafuta daftari la kurasa 48 na uzi. Naomba niwape yaliyomo, kwani ndiyo ninayoyapendekeza kwa gari la shule.

Kwanza, maji. Yasiwe maji matupu ya bomba, kwa maana hayo hutia kutu. Yawe yamechanganywa na kulenti. Kifuniko cha rejeta kiwe kizima, kwani chini ya kifuniko kizima maji hayachemki kwenye nyuzi 100 bali huweza kuvumilia hadi karibu nyuzi 120. Kifuniko kibovu huondoa akiba hiyo yote. Mafundi wengi hung'oa tamostati wakidhani ndiyo inayochemsha gari. Msikubali. Kazi yake ni kuiweka injini kwenye joto linalotakiwa, na injini inayofanya kazi ikiwa baridi hulika upesi. Gari likichemka, tafuta sababu. Usimfukuze mlinzi kwa kuwa mwizi ameingia.

Pili, mkanda wa taimingi. Kwa injini yenye mkanda na siyo cheni, ukikatika safarini vyuma vya ndani huweza kugongana. Kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haukubadilishwa. Ubadilishe pamoja na pampu ya maji, kwa kuwa kazi ya kufungua ni ile ile moja.

Tatu, oili na mafuta. Dizeli huchafua oili upesi. Mimi humwaga kila kilomita 5,000, pamoja na filta yake. Filta ya dizeli katika magari mengi ina kikombe cha kutenga maji. Kimwagwe mara kwa mara. Wengi mnakumbuka jinsi dizeli ilivyokuwa ikichanganywa na mafuta ya taa, hata mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili biashara hiyo isiwe na faida. Kwa hiyo nunueni mahali panapojulikana, na mdai risiti, iende daftarini.

Nne, chini ya gari. Sisi wa Mtoni tunaujua mto Kizinga unapofurika. Ukivuka maji yaliyopanda juu ya kitovu cha gurudumu, kagua oili ya difu na ya giaboksi; ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, imwagwe siku hiyo hiyo. Maji yakifika kwenye njia ya hewa ya injini usivuke kabisa, kwani injini haiwezi kukamua maji kama inavyokamua hewa; hupinda vyuma vyake. Shafti zipigwe grisi. Magurudumu ya mbele yatiwe kazini walau mara moja kwa mwezi kwenye barabara ya udongo, ili oili izunguke na mtambo usigande. Lakini msifunge magurudumu manne kwenye lami kavu, mtavunja vyuma bure.

Tano, ndipo yaje mapambo, na hayo kwa kipimo. Matairi ya kimo cha asili yenye meno ya tope. Springi na shokapu mpya. Kamba imara ya kuvutia na ndoana zake mbele na nyuma. Taa, kama zinatakiwa, zikae pembeni zisizibe rejeta. Hayo yanatosha kwa gari la wagonjwa wa shule.

Ndugu Mwenyekiti, nina pendekezo. Fedha tulizochanga zisiishe zote katika kununua. Kwa maoni yangu robo yake ibaki benki kwa jina la gari, na gari lisitoke nje ya geti la shule mpaka mambo manne ya kwanza yamekamilika. Likubalike gari la bei ndogo kidogo lenye robo yake benki, kuliko gari la kupendeza lisilo na senti ya rejeta. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu utajengwa usiku, njiani, mtoto wa mtu akiwa amelala kiti cha nyuma na homa.

Nimekuja na kitu kidogo. Ni daftari la kurasa 48, jipya, na uzi wa katani. Ukurasa wa kwanza nimeuacha mtupu kwa ajili ya jina la dereva atakayekabidhiwa. Namkabidhi Mwalimu Mkuu leo, kabla ya gari lenyewe.