Diplomi Ni Deni

Tangu nilipomaliza masta ya elimu huko Bukavu, watu wa Kavumu wananiuliza: “Mwalimu, sasa utaacha chaki?” Ninawaelewa, mshahara wa mwalimu tunaujua sote. Lakini tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, masomo ya shule za msingi za serikali yalipofanywa bure, watoto wamefurika madarasani. Nani atawafundisha? Minervali yangu ilitoka katika mihogo ya mama na mifuko ya jamaa. Someni Luka 12:48: aliyekabidhiwa ana deni. Deni hilo halilipwi kwa kutundika diplomi ukutani. Linalipwa mbele ya watoto. Ninyi mnaoandika kazi zenu usiku kwa tochi ya simu, vumilieni, mmalize. Kisha mrudi. Jumatatu mtanikuta darasani. Mungu awabariki.