Kukusanya na Kusafisha Mawe ya Amonaiti

Leo napenda kuzungumza nanyi habari za kazi ya kujifurahisha, nayo ni kukusanya mawe yaitwayo amonaiti.

Amonaiti alikuwa mnyama wa bahari, wa jamaa ya pweza na ngisi, ila yeye alikaa ndani ya gamba lililoviringana kama kamba ya jahazi iliyokunjwa sitahani. Gamba hilo lilikuwa na vyumba vyenye hewa, navyo vilimsaidia kuelea. Wanyama hao walikwisha duniani yapata miaka milioni 66 iliyopita. Magamba yao yalizikwa katika tope, na tope likageuka jiwe. Mmoja aliyeonekana Seppenrade, Ujerumani, mwaka 1895, upana wake wazidi mita moja na nusu.

Hapa Tibirinzi, na Pemba nzima, msijisumbue kuyatafuta. Miamba tunayoikanyaga ilifanyika baada ya wao kwisha. Lakini bara ya Mombasa yapo, na Mjerumani Beyrich aliandika habari zake tangu mwaka 1877. Yapo pia Tendaguru, katika nchi ya Lindi.

Mwenye kuyapata, na aombe ruhusa kwanza. Jiwe kubwa lisiinuliwe kwa pupa, kwani huenda limekwisha kupasuka ardhini. Lichimbwe pande zote, na vipande vitiwe namba, kisha vifungwe katika matambara. Nyumbani, jaribuni maji juu ya kipande kidogo, maana mawe mengine ya udongo huyeyuka. Likistahimili, lisugueni kwa burashi laini. Udongo mgumu hutolewa kwa tindo ndogo, ncha ikielekea mbali na gamba, na penye mistari myembamba hutumiwa sindano. Vaeni miwani, vipande visiruke machoni. Wala msitie ndimu wala siki: ukali wake hula gamba kama unavyokula chokaa.

Lakini usafi si mwisho wa kazi. Andikeni mahali jiwe lilipotoka, kina chake, na tarehe. Huko Tendaguru, tangu 1909 hata 1913, Boheti bin Amrani aliwasimamia wachimbaji wa mifupa ya wanyama wakubwa wa kale. Mashimo yalipewa herufi, na mifupa ikatiwa alama. Ndiyo sababu hata leo mjini Berlin mifupa mingi yajulikana ilitoka shimo gani. Jiwe lisiloandikwa, hata likang'aa namna gani, ni kama yatima asiyejulikana kwao: hulipendezi ila jicho, wala halimfundishi mtu.

Nanyi wanafunzi wa Pemba msikate tamaa. Miamba yetu ina makombe yake ya kale, nayo huvunjwa kila siku pamoja na mawe ya kujengea. Mkiliona moja, liandikieni habari zake kabla ya kuliosha, kisha mwonyesheni mwalimu wenu.